Koting ya grafini ya gari: kazi inafanya, maelezo ya dukani ndo shida

Wadau, kwa anayetaka kupaka gari hii koting ya grafini niwape yangu. Nilichukua chupa ndogo ya mililita 30 kwenye duka moja la vifaa vya magari hapa Dar nikapaka mwenyewe nyumbani, unaosha gari vizuri, unapiga polishi, halafu unapaka kipande kwa kipande na kufuta na maikrofaiba mapema maana ukichelewa inaacha mabaka na kuyatoa ni kazi. Matokeo safi aisee! Maji kwenye boneti yanajikusanya matone matone yanateleza yenyewe, vumbi unamwagia maji tu linaondoka, na weusi wa gari umerudi. Mikwaruzo haizuii, funguo ikipita imepita.

Kinachoniuma ni maelezo ya muuzaji. Shelfu moja imeandikwa nano, nyingine grafini, hiyo ya pili bei karibu mara mbili, na anakwambia kabisa eti nano imepitwa na wakati, grafini ni kitu kingine. Si kweli jamani, nano ni kitu chochote kidogo au chembamba mno cha kupimwa kwa nanomita (milimita 1 ukiigawa mara milioni), na grafini ni nano tupu. Ni tabaka moja tu la atomu za kaboni, unene kama nanomita 0.34, yaani kipande cha kinywe (grafaiti), haya haya madini yetu ya Mahenge, chenye unene wa milimita 1 kina matabaka kama milioni 3 yamelaliana. Wanasayansi Geim na Novoselov pale chuo kikuu cha Manchester, Uingereza, waliyabandua matabaka hayo kwa selotepu ya kawaida mpaka likabaki moja, kazi wakaitoa 2004, na 2010 wakapewa Nobel ya fizikia. Kuna wanaobisha kwamba nano inaanzia nanomita 1 kwa hiyo hii haimo, lakini Umoja wa Ulaya mwaka 2011 walipoandika nini kihesabiwe nano waliitaja grafini kwa jina kuwa imo hata ikiwa chini ya 1. Upana hata uwe wa kiganja haijalishi, unene peke yake unatosha.

Cha kuuliza dukani ni grafini iliyomo ni asilimia ngapi na ina matabaka mangapi, maana yakizidi kama 10 hivi tabia inarudi kuwa ya kinywe tu. Chupa yangu haijaandika hata kimoja, na koting nyingi za aina hii ni grafini oksaidi (grafini iliyoshikana na oksijeni) iliyochanganywa kwenye silika ileile inayotumika kwenye hizo za nano.

Koting nyota 4, lebo nyota 1. Aliyepaka ile ya bei ndogo atuambie maji bado yanateleza?