Filamu ya agizo la SGR na bandari: naipa nyota tatu

Hatimaye nimeitazama ile filamu ya hali halisi kuhusu agizo la 2019, lile la kulazimisha makontena yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi na bara yapande SGR, yaani reli mpya ya kisasa, badala ya malori. Niliilipia kwa M-Pesa na nikaimaliza usiku ule ule. Nyota tatu kati ya tano.

Walichokifanya vizuri ni kuwaacha watu waseme. Kuna mama muuza chakula wa Mariakani aliyekuwa akilisha madereva wa malori, anafunua masufuria yake moja moja akieleza lipi lilikuwa la wali, lipi la maharagwe, na hakuna anayemkatiza. Sehemu hiyo ilinitoa machozi.

Shida ni pale filamu inapogusa serikali. Agizo linasimuliwa kama chuki ya Nairobi kwa Pwani, basi. Mimi nililipinga agizo lile na bado nalipinga, lakini sababu yake ilikuwepo, tena kwa maandishi. Mwaka 2014 KPA, yaani Mamlaka ya Bandari, ilitia saini mkataba na Shirika la Reli, ikaahidi kiwango maalumu cha mizigo kila mwaka ili mkopo wa Exim Bank ya China uliojenga reli hiyo uweze kulipwa. Mizigo ikipungua, bandari inafidia. Treni za mizigo za SGR zikaanza 2018, wenye mizigo wengi wakabaki na malori, ndipo wakalazimishwa. Haya yote filamu haiyagusi, na wanaopata hasara ni sisi wenyewe tuliolipinga agizo, kwa sababu mkataba ule ndio ushahidi wetu mkubwa kwamba bandari ilifungwa mikono miaka mitano kabla ya agizo.

Korti nayo haimo. Kutoka maandamano ya 2019 tunarushwa hadi Septemba 2022, Rais Ruto anaapishwa na kutangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo, zilizokuwa zimehamishiwa bara, zinarudi Mombasa. Muziki unapanda, watu wanashangilia. Ilhali Mahakama Kuu ya hapa hapa Mombasa ilikuwa imeshaamua Novemba 2020 kwamba agizo lilikiuka katiba. Waliokwenda kortini kupigania kazi za watu wamefutwa, na sifa zote amepewa mwanasiasa mmoja. Hilo limeniuma kuliko yote, maana mtazamaji wa Kisumu au Eldoret atajuaje?

Halafu kuna msururu wa malori ulioandikwa chini yake "2019". Malori yenyewe yanapita juu ya daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa 2022! Mtu yeyote wa Changamwe ataliona hilo papo hapo, na akishaliona ataanza kutilia shaka hata maneno ya yule mama wa Mariakani, ambaye hakustahili kabisa kutiliwa shaka.

Watengenezaji, kama mnasoma hapa: ondoeni ile picha ya Makupa, wekeni mkataba wa 2014 na uamuzi wa korti, hata kwa dakika tano tu. Mkifanya hivyo nitailipia tena na nitaongeza nyota.