Rupia ya Mjerumani: ya rangi au nyeupe?

Ukiwekewa mezani Kariakoo sarafu mbili za madini ya fedha za rupia moja za enzi ya Mjerumani, moja yenye rangi na nyingine nyeupe, uchague ya kununua, anza na mizani: kila moja iwe karibu gramu 11.66. Ikipungua sana, achana nayo.

Yenye rangi ndiyo yenye mtego. Rangi ni utando wa salfidi ya fedha, yaani fedha iliyoungana na salfa. Ule wa asili hupanda taratibu kutoka manjano hadi zambarau, kisha buluu. Ishike kwenye ukingo, iinamishe chini ya taa moja: mng'ao uzunguke kama spoku za baiskeli. Rangi ikiruka manjano hadi buluu ghafla, au ikijaa ndani ya mikwaruzo mipya, imepikwa kwa moto au dawa ya salfa; usiongeze hata shilingi. Weusi mzito nao huweza kuficha uso uliolika.

Nyeupe? Fedha ya miaka zaidi ya 100 kwenye unyevu wa Dar ikiwa nyeupe pe, shuku. Lenzi ya mara 10 ikionyesha mistari myembamba ya upande mmoja, imesuguliwa, na hilo halirekebishiki. Kwa bei sawa, chukua yenye rangi ya asili, hata kama haipendezi sana. Usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki ya PVC: huacha utelezi wa kijani.