Pei Pa Koa, dawa ya koo ya Kichina, mie nimeikubali

Jamani kaskazi hii na vumbi lake makoo yametukauka, mie nimeinunua hii Pei Pa Koa ya kampuni ya Nin Jiom duka moja la dawa pale Darajani, Unguja, na wallahi inasaidia. Ni nzito nyeusi kama haluwa ambayo haijashika, mna asali, majani ya mlokwati (mti wa matunda wa Kichina), urukususu na menthol, ukimeza unahisi ubaridi unateremka taratibu na ule mkwaruzo unatulia. Haiui vijidudu lakini, inatuliza tu, kwahivyo homa ikipanda au mate hayamezeki nenda hospitali. Na wenye sukari wasiiguse, tamu mno hii, wala mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kwa sababu ya asali.

Wachina wenyewe wanakwambia uache vya kukaanga na pilipili, yani badia na urojo weka kando kidogo (najua ni mtihani), wao wanapika peasi kwa mvuke na sukari ya mawe wanakula na maji yake, nimejaribu na nimeipenda kuliko hata dawa. Ila bei ya chupa imechangamka, ulizia maduka mengine kwanza.