Uchambuzi: Hosteli ya Bei Nafuu Sultanahmet, Istanbul, Marafiki Wanne Katika Chumba cha Vitanda Sita

Asalaam aleikum, watazamaji wangu, na karibuni tena. Bidhaa ninayoichambua leo ni kitanda. Ni kitanda cha chini cha dabodeka, katika chumba cha wanawake chenye vitanda 6, ghorofa ya nne ya hosteli ya bei nafuu eneo la Sultanahmet, Istanbul, ambako mimi na rafiki zangu watatu tulilala siku 5 mwezi Januari. Jina la hosteli nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu vichochoro vinavyoteremka kutoka Msikiti wa Buluu kuelekea baharini vimejaa nyumba za namna hiyo, na ninayotaka kuwaeleza yatawafaa katika yoyote mtakayoichagua.

Wawili kati yetu wanauza nguo Kariakoo na walikwenda kutazama mzigo Laleli, mtaa ambao wafanyabiashara wetu wengi wanaufahamu kuliko hata wanavyoifahamu miji ya jirani. Mimi na mwenzangu wa nne tulikwenda kutembea. Nawaambia hayo mapema kwa kuwa mahitaji yetu hayakuwa sawa: wale wa biashara walitaka kulala mapema, kuamka mapema na kuwa na mahali salama pa kuweka fedha na sampuli, ilhali sisi watembezi tulikuwa radhi kuvumilia mengi alimradi bei iwe ndogo. Kila hosteli mtakayoiona kwenye mtandao itakuonyesheni picha za sebule na za juu ya paa. Hakuna itakayokuonyesheni saa nane ya usiku, na hapo ndipo mtakapojua kama fedha yenu imekwenda mahali pake.

Tuanze na bei. Tulilipa euro 16 kwa kila mtu kwa usiku mmoja, yaani euro 64 kwa sisi wanne, na kwa siku zote 5 ikawa euro 320. Hoteli ndogo ya jirani, ambayo tuliiulizia, ilitaka euro 45 kwa chumba cha watu wawili, kwa hiyo vyumba viwili vingetugharimu euro 90 kwa usiku. Ukigawa tofauti hiyo kwa siku 5 na kwa watu 4, kila mmoja wetu aliokoa euro 32 na senti 50. Si fedha ya kudharau. Lakini hosteli hiyohiyo ilikuwa pia na chumba cha vitanda 4 ambacho tungekichukua kizima kwa euro 72. Tofauti yake na tulichokichukua ilikuwa euro 2 tu kwa kila mtu kwa usiku, na sisi, tukiwa Dar es Salaam tumeinamia simu, tukaona euro 2 ni nyingi. Ninataka mlishike hilo, kwa sababu karibu kila usumbufu nitakaousimulia ulitoka kwenye vile vitanda viwili ambavyo havikuwa vyetu.

Usiku wa kwanza vilikuwa vitupu, tukalala kama tuliolala nyumbani. Usiku wa pili, yapata saa nane, mlango ulifunguliwa, taa kubwa ya darini ikawashwa, na wageni wawili wakaanza kupakua mizigo iliyofungwa ndani ya mifuko ya plastiki, mfuko mmoja ndani ya mwingine. Walikuwa wametoka safarini nao wamechoka, na sikuona nia mbaya kwao. Ila kila mfuko ulipofunguliwa ulisikika chumba kizima. Usiku wa nne mmoja wao aliondoka saa kumi kuwahi ndege, na kengele ya simu yake ililia mara tatu kabla hajaizima.

Haki inanitaka niseme kwamba sisi pia tuliwasumbua. Tangu mwaka 2016 Uturuki hairudishi saa nyuma majira ya baridi, kwa hiyo saa ya Istanbul na saa ya Dar es Salaam ni moja mwaka mzima. Jua, hata hivyo, halifuati saa yetu: Januari linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na alfajiri yenyewe inaingia saa moja kasoro dakika chache. Miili yetu ilikuwa bado ya Dar es Salaam. Saa kumi na moja sote wanne tulikuwa macho gizani, tukinong'onezana na kuwasha simu chini ya blanketi, huku wale wageni wawili wakijigeuza na kushusha pumzi nzito. Mmoja wetu, rafiki ninayempenda sana, hukoroma anapochoka, na asubuhi ya tatu mgeni mmoja alimtazama kwa namna iliyomfanya akose raha siku nzima. Katika chumba cha vitanda 4 tungezungumza kwa sauti, tungecheka, na koromo la rafiki yetu lingebaki kuwa jambo la nyumbani.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha chuma, godoro jembamba lakini gumu vya kutosha kuushikilia mgongo, mashuka masafi yaliyonyooshwa, na duveti nzito iliyotosha kwa baridi ya nyuzi 4 iliyokuwa nje. Aliyesoma shule ya bweni atakizoea mara moja. Kilichokosekana ni pazia. Ukilala kitanda cha chini unaonekana na kila anayeingia, na kwa mwanamke anayejisitiri hilo linachosha hata katika chumba cha wanawake watupu. Nikatoa kanga kwenye begi, nikaipachika pindo lake la juu chini ya godoro la kitanda cha juu, nikaiacha ining'inie mpaka chini. Ilichukua dakika 1, nikapata chumba changu ndani ya chumba. Rafiki zangu waliokuwa na doti nzima waligawana upande kwa upande, na kufikia usiku wa tatu chumba chetu kilikuwa na mapazia ya rangi tatu. Kati ya yote niliyopakia, ile kanga ndiyo iliyonifaa kuliko yote: pazia usiku, mtandio wa kwendea bafuni, na mkeka wa kuswalia.

Kando ya kila kitanda kulikuwa na soketi moja. Soketi za Uturuki ni za matundu mawili ya mviringo, wakati plagi zetu ni za meno matatu ya bapa, kwa hiyo bila adapta simu haichajiki. Mapokezi walikuwa na adapta mbili tu za kuazima, na zote zilikwishachukuliwa. Chukueni adapta moja na ekstensheni fupi ya nyumbani yenye nafasi nne, na kundi zima litachaji kwa soketi moja.

Sasa usalama, na hapa wale wenzetu wa biashara walikuwa na wasiwasi wa haki. Kila mgeni alikuwa na kabati la chuma lenye tundu la kufuli, na kufuli unakuja nalo mwenyewe. Sisi tulikuja na makufuli ya Kariakoo, mazito, ya kufungia duka. Tulipojaribu kuyapachika, upinde wa kufuli uligoma kupita kwenye tundu, kwa sababu tundu lilikuwa na upana wa kalamu ya wino tu. Tulikaa pale sakafuni tukiyageuza makufuli huku na huku kama wanaotafuta ufunguo uliopotea, mwisho tukashuka mapokezi na kununua makufuli membamba kwa euro 4 kila moja. Kabati lenyewe linameza mkoba, pasi ya kusafiria, kompyuta mpakato na koti. Begi la shangazi kaja haliingii. Mabegi ya sampuli yalikaa uvunguni, na siku ya kuondoka yaliwekwa kwenye stoo ya chini pamoja na ya wageni wengine bila risiti. Hakikupotea kitu. Hata hivyo, kwa mtu mwenye mzigo wa thamani mimi sitaipitisha stoo isiyo na risiti, na niliwaambia hivyo kwa adabu.

Pasi zetu za kusafiria zilichukuliwa mapokezi tulipofika, zikaandikishwa, zikarudishwa papo hapo. Msishtuke mkiombwa, kwani nyumba za wageni za huko hutakiwa kuwaandikisha wageni wao kwa polisi. Mkishaandikishwa, zidaini pasi zenu kabla hamjapanda ngazi.

Na ngazi ni za kupandwa kweli. Majengo ya Sultanahmet mengi ni ya zamani na membamba, na letu halikuwa na lifti. Nilihesabu vidato 74 kutoka mlangoni hadi kitandani. Siku ya kwanza, tukiwa na mabegi ya kutoka nyumbani, tulipumzika mara mbili njiani. Siku ya mwisho, mzigo wa Laleli ulipoongezeka, tulishusha begi moja moja kwa watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na kazi hiyo ilitugharimu karibu saa nzima.

Bafuni nitakaa kidogo, maana watu huuliza zaidi kuhusu hapo. Mabafu yalikuwa 2 kwa vyumba 3, safi asubuhi na yenye nywele kwenye mfereji wa maji kufikia usiku. Bomba lilikuwa la kubonyeza: ukilibonyeza maji yanashuka kwa sekunde chache kisha yanakatika, na ukiwa na sabuni machoni unalitafuta tena kwa kupapasa ukuta. Maji ya moto yaliwatosha watu wawili wanaofuatana, wa tatu akapata vuguvugu, wa nne akaoga ya baridi ya Januari. Tulipanga zamu, anayeoga wa kwanza leo awe wa mwisho kesho, na ugomvi uliokuwa umeanza kuchipua ukaisha siku hiyohiyo. Lililonifurahisha mno ni choo. Vyoo vya Uturuki kwa kawaida vina kijibomba kidogo ndani ya bakuli lenyewe, na koki yake iko ukutani mkono wa kulia. Kwa sisi tuliozoea maji, ambao tumewahi kusafiri nchi za Ulaya na chupa ya plastiki mkononi, hiyo ni raha ambayo hoteli za nyota nyingi za miji mingine hazikutupa.

Kifungua kinywa kilikuwamo ndani ya bei: mkate, jibini nyeupe, zeituni, nyanya, tango na yai la kuchemsha. Chai yao ni ya rangi, kali, katika gilasi ndogo zilizobanwa kiunoni, na maziwa hayapo. Intaneti ilikuwa nzuri mapokezi na dhaifu ghorofa ya nne.

Mahali hosteli ilipo ndipo nguvu yake ilipo. Treni ya mjini, ile wanayoiita T1, ilikuwa mwendo wa dakika chache, na kutoka kituo cha Sultanahmet hadi Laleli ni vituo vitatu tu, ukipita Çemberlitaş na Beyazıt. Wenzetu waliweza kurudi adhuhuri, kuweka sampuli, kuswali, kula na kwenda tena, na nauli hiyo waliyoiokoa kwa kutopanda teksi inapaswa kuingizwa katika hesabu ya bei. Na alfajiri, tulipokuwa macho kabla ya wakati, tulifungua dirisha upana wa kiganja tukaisikia adhana ya Msikiti wa Buluu, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1609, ikipokezana na ya Ayasofya ng'ambo ya uwanja: mwadhini mmoja akimaliza sentensi ananyamaza, wa pili anaitika, kisha wa kwanza anaendelea. Rafiki yangu aliyekuwa kitanda cha juu alilia kimyakimya. Kitanda cha euro 16 kilituweka karibu na sauti ile, na sitaisahau.

Lipo la fedha ambalo nililalamikia mapokezi. Bei mtandaoni ilikuwa kwa euro, lakini tulipotaka kulipa kwa lira walitumia kiwango chao wenyewe, kilichokuwa kibaya kuliko cha maduka ya kubadilisha fedha karibu na Kapalıçarşı, lile soko kuu la zamani lenye paa, na taulo likaongezwa euro 2 ambazo hazikuandikwa popote. Lipeni kwa fedha ileile iliyoandikwa, na taulo toeni nyumbani. Sisi tulikuwa tumechanga mfuko mmoja wa pamoja, mmoja wetu akiushika na kuandika kila senti kwenye daftari, na bila daftari lile tusingejua kwamba makufuli, taulo na kiwango cha kubadilishia vilitula zaidi ya zile euro 2 kwa usiku tulizoona uchungu kuzitoa.

Hukumu yangu, basi. Kwa mtu anayesafiri peke yake, chumba kile kinastahili bei yake. Kwa marafiki wanne, nakipa alama 5 kati ya 10, na hosteli hiyohiyo kwa chumba cha vitanda 4 ningeipa 8 bila kusita. Kwa mfanyabiashara mwenye mzigo wa kurudi nao, aulize lifti na risiti ya stoo kabla ya kulipa chochote.

Mwezi Mei tunarudi, walewale wanne. Chumba cha vitanda 4 nimekwishakihifadhi, safari hii ghorofa ya kwanza, na kwenye begi langu, ambalo bado halijajaa, vimo tayari adapta, kufuli jembamba na ile kanga.