Ufukwe wa Lutoboka, Kalangala: Tathmini kwa Anayesafiri Peke Yake na Pesa Kidogo

Kwa mtu anayetoka Kampala au Entebbe bila mwenzi, bila gari na bila pesa nyingi, hakuna ufukwe Uganda unaolipa kama Lutoboka, kwenye kisiwa cha Bugala, kimojawapo cha visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria. Tunasema hivyo tukijua kwamba Entebbe kuna fukwe za karibu zaidi, za kwenda asubuhi na kurudi jioni, na kwamba Ziwa Bunyonyi nako kuna sifa zake. Lakini fukwe za Entebbe mwisho wa wiki ni za muziki mkubwa na magari, na Bunyonyi ni zaidi ya kilomita 400 toka Kampala, kuna baridi, na hakuna mchanga wa kulalia. Lutoboka ina mchanga mweupe, msitu unaoshuka hadi karibu na maji, na meli inayokutoa Entebbe mchana na kukufikisha kabla ya jua kuzama. Kasoro zake zipo, na karibu zote zinatokana na hiyo meli au na maji unayoyaendea.

Meli kwanza

MV Kalangala, iliyoanza kazi mwaka 2006, kwa kawaida huondoka gati la Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kutia nanga Lutoboka baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Kesho yake saa mbili asubuhi hugeuza kurudi Entebbe. Ni safari moja kwa siku kila upande, abiria takriban mia moja na magari machache, kwa hiyo Ijumaa na mkesha wa sikukuu tiketi huisha mapema. Fika gatini saa sita. Kwa miaka mingi nauli imekuwa shilingi 10,000 daraja la pili na 14,000 daraja la kwanza. Kwa anayebana matumizi, la pili linatosha kabisa: upepo ni ule ule, ziwa ni lile lile, na hizo 4,000 ni kifungua kinywa cha kesho. Beba kitambulisho.

Toka Kampala panda teksi (basi dogo la abiria) ya Entebbe, mwambie kondakta unashuka kituo cha Kitooro, kisha bodaboda hadi Nakiwogo ni dakika chache. Ondoka mjini saa tatu asubuhi, kwa sababu foleni ya Kibuye na Najjanankumbi haihesabiki. Kula Nakiwogo kabla ya kupanda, lakini usishibe sana. Katikati ya ziwa mawimbi hupanda, hasa Juni na Julai upepo wa kusini unapovuma, na tumbo lililojaa ndilo la kwanza kulalamika. Kaa katikati ya meli, chini, na uangalie mbali badala ya kuinamia simu. Tena kaa upande wa kushoto. Meli inaelekea kusini-magharibi, jua la alasiri linapiga kulia. Asubuhi ya kurudi jua linachomoza tena upande wa kulia. Kwa hiyo kivuli kiko kushoto, kwenda na kurudi. Njiani mnavuka ikweta, kwani Nakiwogo iko kaskazini yake na Lutoboka kusini.

Meli ni moja, na ikiingia kwenye matengenezo hakuna ya kuziba pengo lake kwa nauli hiyo. Piga simu au tuma mtu aulize gatini siku moja kabla. Ikiwa haifanyi kazi, njia ya uhakika ni Bukakata: basi au teksi hadi Masaka, shuka Nyendo, panda teksi ya Bukakata, umbali wa kilomita 40 hivi, kisha feri hadi Luku, kisiwani. Feri hiyo ni ya bure, inabeba magari, na inavuka kwa muda usiofika saa moja. Lakini ukishuka Luku bado una zaidi ya kilomita 30 hadi mji wa Kalangala. Ukijumlisha teksi zote, njia ya feri ya bure inakula pesa nyingi kuliko ya meli ya kulipia, na inakula siku nzima pia. Anayeichagua atoke Kampala alfajiri, au apande basi linalokwenda moja kwa moja hadi Kalangala na kuvukishwa na feri, ambalo kwa mtu wa peke yake mwenye mzigo ndilo la busara.

Njia ya tatu ni boti za mbao za injini kutoka Kasenyi, unakopindia Abaita Ababiri kwenye barabara ya Entebbe. Hatuzipendekezi kwa asiyelijua ziwa. Dhoruba za Victoria huja ghafla, nyingi usiku na alfajiri, na boti iliyojazwa mizigo haina pa kukimbilia. Ikibidi kupanda, panda ya asubuhi hewa ikiwa tulivu, na ukague jaketi la kuokolea kabla ya kulipa. Libonyeze kwa kidole gumba: sponji likibaki limebonyea halirudi juu, limekufa. Vuta kila mkanda kwa nguvu, hakikisha vifungo vyote vinashika, na liinue. Jaketi zito limekwisha kunywa maji. Kisha livae na ulifunge, usilikalie. Ukiona ukingo wa boti uko karibu na maji na watu bado wanaingia, shuka, hata kama nauli umekwishalipa.

Pa kulala

Ushauri mmoja unaookoa pesa kuliko yote: nenda katikati ya wiki. Jumapili mchana hadi Jumanne au Jumatano ndio wakati mzuri wa mtu wa peke yake. Ijumaa na Jumamosi hoteli za ufukweni hupokea makundi ya ofisi na vyuo, muziki unalia hadi usiku wa manane, na bei haizungumziki. Jumatatu vyumba vitupu vinakusubiri na meneja ana sababu ya kukusikiliza.

Unapopiga simu, uliza mambo mawili mfululizo: bei hiyo ni ya chumba au ya mtu, na ina milo mingapi? Hoteli nyingi za Lutoboka hutaja bei ya mtu mmoja pamoja na milo mitatu. Kwa wawili bei hiyo huonekana kubwa, lakini kwa aliye peke yake mara nyingi ni nafuu kuliko chumba cha bei ya watu wawili pamoja na samaki wa kununua kila mlo. Kuna pia sehemu za kupiga hema ufukweni. Ukija na hema lako, usilitandike chini ya mti mkubwa wala kwenye bonde la mchanga. Ssese hupata mvua nyingi sana, na maji ya mvua hupita hapo hapo kwenda ziwani. Miezi ya afadhali ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Agosti.

Halafu omba picha ya ufukwe iliyopigwa wiki hii. Hili si la mapambo. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, likameza sehemu kubwa ya mchanga wa Lutoboka pamoja na vibanda vilivyokuwa mbele, na tangu hapo limekuwa likipanda na kushuka. Picha nyingi zinazotumika kutangaza vyumba ni za kabla ya hapo. Unaweza kulipia chumba cha ufukweni ukakuta dirisha lako linatazama magunia ya mchanga. Hoteli inayokutumia picha ya leo bila kusita ndiyo ya kuweka akiba ya chumba.

Kama bei za ufukweni zinakushinda, panda juu mjini Kalangala, mwendo wa miguu wa kama nusu saa kwa njia ya mlimani. Nyumba za wageni za mjini ni nafuu, ziko karibu na maduka, na unashuka ufukweni mchana kununua soda ukakaa kivulini. Unachopoteza ni asubuhi ya ziwani, ambayo ndiyo uzuri mkubwa wa mahali hapa. Kwa usiku mmoja tungelipia ufukwe. Kwa siku nne tungegawa, usiku mmoja chini na iliyobaki juu. Mwanamke aliye peke yake achague chumba chenye kitasa cha ndani kinachofanya kazi na taa nje ya mlango, na arudi mjini kabla ya giza, kwani njia ya mlimani inapita msituni na haina taa.

Chakula

Samaki ndio sababu ya kula vizuri hapa. Ngege (sato) mzima wa kukaanga au wa kuchemsha na ndizi ndiye wa kuagiza. Mputa (sangara) ni mzuri akiwa mbichi wa siku hiyo. Jikoni hupika baada ya kuagizwa, na samaki anaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo agiza kabla ya kwenda kutembea. Chagua samaki mwenyewe na mkubaliane bei kwa ukubwa wake kabla hajaingia mafutani. Angalia macho: yawe angavu na yamejaa, matamvua mekundu. Pa kula rahisi ni mjini na gati la wavuvi la Mwena, ambako posho (ugali), maharage na mukene (dagaa) vinapatikana kwa bei ya mwananchi. Chapati na mayai ya asubuhi zipo kama Kampala.

Pesa taslimu beba toka bara, na nyingine iache kwenye simu. Ukitoa kwa wakala, toa mara moja fungu la kutosha. Ada hupangwa kwa viwango, na juu yake kuna kodi ya asilimia 0.5, kwa hiyo kutoa kidogo kidogo mara tano ni kumlipa wakala chakula chako cha mchana.

Maji yenyewe

Hapa ndipo tathmini nyingi hunyamaza, nasi hatutanyamaza. Ziwa Victoria lina kichocho cha matumbo, na mchanga mweupe hauzuii kitu. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaoishi maji kidogo yenye majani na matete. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, tuseme saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi. Kukaa maji ya magotini karibu na matete saa sita mchana, jambo ambalo wageni wengi hulifanya wakidhani ni salama kuliko kina kirefu, ndilo hatari zaidi.

Asiyegusa maji ya ziwa kabisa hapati. Anayetaka kuogelea aingie asubuhi na mapema, mbali na matete na mbali na wanakofulia watu, asikawie, na ajikaushe kwa taulo kwa nguvu mara anapotoka, akijua kwamba taulo hupunguza tu. Jioni giza likianza asiingie. Ziwa lina mamba, na ufukweni hapo usitegemee muokoaji. Uliza pia maji ya bafuni yanatoka wapi. Yakiwa yamevutwa ziwani, yawe yamekaa tangini siku mbili bila konokono, au yamechemshwa.

Aliyeogelea anywe dawa, na wakati wake ni muhimu kama dawa yenyewe. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga, kwa hiyo kidonge cha siku ya kurudi nyumbani hakisaidii. Subiri wiki 6 hadi 8. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600, wa kilo 75 anahitaji 5. Pima uzito kituo cha afya, upewe na mhudumu, unywe baada ya kula. Ukipata homa, kikohozi au muwasho wiki chache baada ya safari, usiridhike na kipimo cha malaria peke yake. Mwambie daktari kwamba uliingia ziwani. Malaria nayo ipo, kwa hiyo kagua chandarua kabla ya kupokea chumba, na ufunge dirisha wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi jioni. Hao hawaumi, lakini huifuata taa.

Kutembea ni bure, na kwa wengi kunatosha: msitu wa Lutoboka una mbega na hondohondo wanaoonekana bila kulipa kiongozi, mradi utoke mapema. Baiskeli ya kukodi inakufikisha kwenye mashamba ya michikichi yaliyofyeka msitu mwingi wa kisiwa hiki. Yanastahili kuonwa, ingawa hayafurahishi.

Kwa usiku mbili, mtu mmoja, tenga shilingi 20,000 za meli kwenda na kurudi, 30,000 za teksi na bodaboda, 100,000 za kulala, 80,000 za chakula, na 50,000 usiziguse. Jumla 280,000. Hizo 50,000 ni za siku meli isipotoka na ukalazimika kurudi kwa Luku na Masaka. Kwa sababu hiyo hiyo usipange ndege wala kikao cha kazi siku unayorudi. Uwe gatini Lutoboka saa moja asubuhi; meli ikiondoka kwa wakati utakuwa Nakiwogo kama saa tano na nusu, na teksi za Kampala zinapatikana Kitooro.