Sensa ya 2022 kijijini kwetu Pangani: natoa nyota nne, ya tano nimeibakiza kwa sababu ya mwezi wa angani

Watu wanaandika rivyu za simu, za mabasi, za hoteli, mi leo naandika ya sensa, ile ya Agosti 2022. Ni huduma kama huduma nyingine, imegharamiwa na kodi zetu, ikabisha hodi mpaka mlangoni, na mimi niliipokea kwenye nyumba yangu alafu nikaifuata mpaka kwenye dago, yaani kambi ya wavuvi wageni, kwahiyo naweza kueleza ilikuaje.

Sisi tuko pwani ya Pangani mkoa wa Tanga, kijiji cha wavuvi, ukitoka kwenye mikoko unaingia kwenye minazi na kijiji kimeisha. Kazi yetu dagaa. Mume wangu yuko kwenye boti la ringneti, ule wavu wa kuzungushia samaki, mi na wanawake wenzangu tunachemsha na kuanika. Na kila msimu wanakuja wageni wa dago, wengi wao Wapemba, wanapiga vibanda vyao vya makuti pale juu ya ufukwe, wanakaa miezi miwili mitatu wanavua, upepo ukigeuka wanarudi kwao. Nawataja mapema kwasababu habari hii kwa sehemu kubwa ni yao.

Usiku wa sensa ulikuwa Jumatatu tarehe 22 kuamkia Jumanne tarehe 23. Kila nyumba Tanzania nzima iliulizwa nani alilala hapa usiku ule. Sio nani kwao hapa, sio nani kajenga hapa, nani alilala. Huko bara mtu wa shamba swali hilo halimsumbui. Ila kwetu ilikuwa mwishoni mwa Mfungo Nne, yaani Muharram ya kalenda ya Kiislamu, mwezi umebaki kipande na hicho kipande chenyewe kinachomoza usiku mkubwa, yaani giza, na anayevua dagaa anajua giza ndio kazi, unawasha taa dagaa wanapanda, mbalamwezi unakaa nyumbani unashona nyavu. Kwahiyo usiku ambao nchi nzima inaulizwa imelala wapi, wanaume wa kijiji chetu walikuwa macho baharini mpaka alfajiri.

2012 haikuwa hivi. Ile ilikuwa tarehe 26 Agosti na mwezi ulikuwa unakwenda kupevuka, nakumbuka vizuri kwasababu mume wangu alikuwa nyumbani na mitumbwi mingi imepandishwa juu, karani alikuta watu wamejaa barazani akamaliza kitongoji mapema. Sensa zote toka ya 1967, yaani 1978, 1988, 2002, 2012 na hii ya juzi, zimefanyika Agosti, na hilo naliona lina maana yake, mvua hakuna, njia zinapitika, na ukilinganisha miaka unakuwa unalinganisha msimu uleule. Na Agosti sina ugomvi. Ila ndani ya Agosti kuna giza na kuna mbalamwezi, na mtu anayepanga tarehe kwa kalenda ya ukutani hawezi kuliona hilo mpaka amuulize mvuvi. Hiyo ndio nyota niliyoibakiza, na zilizobaki nne nazitoa kwa moyo mweupe, ngoja nieleze.

Karani alitufikia Jumatano mchana. Binti mdogo tu, kazaliwa kata ya jirani, kizibao na kitambulisho shingoni, kishikwambi kakifunga nailoni kisiingie chumvi. Nyuma yake mwenyekiti wa kitongoji. Hapa ndipo pa kusifia sana, kwasababu angekuja mtu wa mbali peke yake milango mingi isingefunguka. Huyu alipiga hodi akavua viatu akakaa mkekani na mama mkwe.

Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Wakaulizana habari za kwao, kumbe babu yake binti alikuwa fundi wa madau anajulikana, basi mama mkwe akafunguka. Alipoulizwa umri akasema mwaka siujui mwanangu, cheti sina. Nimeshaona ofisini mzee akijibu hivo anaandikiwa umri wa kukisia na mtu anayemtazama mvi tu. Huyu binti hakufanya hivo, alikuwa na orodha ya matukio, akaanza taratibu, bibi Uhuru unaukumbuka? Naukumbuka, bendera inapanda mi nimeshavunja ungo, niko ndani nafundwa. Na Azimio la Arusha? Hapo nimeshaolewa, mwanangu wa kwanza yuko mgongoni. Akapiga hesabu zake hapo akaandika miaka 75. Mama mkwe akamuuliza, ndio mingapi hiyo? Akamwambia sabini na tano bibi, na mama mkwe akairudia kwa sauti ya chini mara mbili, sabini na tano. Toka siku hiyo akiulizwa hospitali anataja mwenyewe.

Kwenye watoto ndio pakawa pagumu. Wazee wetu hapa hawapendi watoto wahesabiwe, wanaogopa jicho. Mama mkwe akasema wajukuu zangu hawahesabiwi kama mbuzi. Mwenyekiti akataka kuanza kueleza mambo ya maendeleo nikaona pataharibika. Binti akasema, bibi siwahesabu, we nitajie majina tu mmoja mmoja. Basi akamtajia mmoja mmoja, kila jina na dua yake, Mungu amkuze, Mungu amkinge, na kishikwambi kikafanya kazi yake kimyakimya. Sijui kama kuna semina inafundisha jibu lile, ila kama haipo iwepo.

Maswali yalikuwa mengi, dodoso lilikuwa na maswali mia, na kwetu ilichukua karibu saa nzima. Maji mnachota wapi, choo cha aina gani, mnapikia nini, paa la nini, nani anajua kusoma, nani ana ulemavu. Kuna majirani walilalamika ni marefu na wengine wakaona wanapelelezwa, ukiulizwa mali ulizonazo unahisi kodi inakuja. Mi nilichoka pia ila kuna swali moja lilinifanya niache kulalamika.

Aliuliza kama kuna mtu wa nyumba hii amefariki ndani ya miezi kumi na mbili. Mama mkwe akanyamaza, nikajibu mimi. Wifi yangu, mwezi Machi, uchungu ulimkuta usiku, akafia njiani tunamkimbiza Pangani mjini. Binti akaweka kishikwambi chini akasema poleni sana, akakaa kidogo, ndio akaendelea, akauliza umri wake na kama ilikuwa uzazi, akaandika. Siku zote zile msibani watu wanatuambia kazi ya Mungu, na ni kazi ya Mungu kweli, lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kuandika mahali kwamba mwanamke wa miaka 29 wa kijiji hiki amekufa akizaa. Niliona anaandika.

Sasa dago. Binti alipomaliza nyumba akataka kugeuka, vile vibanda vya ufukweni havikuwa na namba za anwani za makazi, kwenye orodha yake havipo. Mwenyekiti akamwambia mwanangu wale ni watu, wanakula hapa wanalala hapa wanazika hapa. Binti hakubisha, wakapanda wote juu ya kichuguu cha mchanga nyuma ya msikiti ambako ndio mtandao unashika, akampigia msimamizi wake, akarudi akasema wanahesabiwa, nakuja kesho alfajiri boti zikifika. Na akaja kweli, Alhamisi kabla jua halijatoka, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa huku dagaa wanashushwa, mi nikamshikia tochi.

Kanuni ya kaya ni rahisi, wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Kibanda cha kwanza watu 11, hakuna hata wawili wa tumbo moja, chungu kimoja, nahodha akaandikwa mkuu wa kaya, nikaona ameipokea kwa heshima kabisa, akajiweka sawa kanzu ya kazini. Waliokuwa baharini usiku ule wanahesabiwa walikorudi asubuhi, kwahiyo na mume wangu akawa yumo kwangu, hilo swali nililokuwa nalo toka Jumatatu likaisha.

Kijana mmoja akasema mi nishahesabiwa, mke wangu Micheweni kanitaja. Akapiga simu hapohapo, spika wazi. Umenitaja kwenye sensa? Mke akasema nimekutaja, we si mume wangu. Ikabidi binti aongee na yule mwanamke mwenyewe, kwa upole, kwamba hatusemi sio mume wako, ila usiku wa Jumatatu hakulala kwako, alilala huku, akihesabiwa mara mbili tunakuwa tumezaa mtu ambaye hayupo, mpigie karani wa huko amtoe. Na kwenye dodoso la huku akaandika kwamba makazi yake ya kawaida ni Pemba. Kaniacha na heshima kubwa, maana ilikuwa rahisi kumruka yule kijana kabisa au kumwandika bila kuuliza.

Mwingine hakutaka kutaja jina, leseni yake ilikuwa na shida anaogopa litapelekwa kwa watu wa doria. Binti akamweleza kuna Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, amekula kiapo cha kutunza siri, taarifa ya mtu mmoja haiendi polisi wala kwa mtu wa kodi, zinatoka jumla tu. Yule kaka alifikiri mpaka tukamaliza vibanda vingine viwili, alafu akaja mwenyewe akajitaja.

Matokeo mnayajua, tarehe 31 Oktoba 2022 Rais Samia akayatangaza pale Dodoma, watu 61,741,120, Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Tuliangalia kwenye tivii ya kibanda cha chipsi, na ikatajwa ile Zanzibar nikawaza wale Wapemba 11 wa chungu kimoja wako upande huu wa hesabu, upande wa Bara, kwasababu ya giza na dagaa. Mkoa wetu wa Tanga ulitoka 2,045,205 mwaka 2012 ukafika 2,615,597. Zaidi ya nusu milioni wameongezeka, na ukikaa foleni ya maji unawajua.

Lakini namba ya mkoa haikusaidii kitu ukiwa kijijini. Hapa nina dukuduku. Nilitaka namba yetu sisi, nikaenda ofisi moja kuuliza, nikaambiwa angalia mtandaoni, basi, na aliyenijibu hakuinua uso. Wazee wangapi hapa wana simu ya kuingia mtandaoni? Watu waliokaa saa nzima mkekani wakajibu maswali mia walistahili karatasi moja tu ukutani. Niliweka bando nikaingia tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nikapata ripoti ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala, na hiyo kazi ni nzuri kwakweli, unashuka mkoa, wilaya, mpaka kata, wanaume wangapi, wanawake wangapi, kaya ngapi. Faili zito, lilishuka nusu siku kutokana na mtandao wetu. Nikaandika namba zetu kwa kalamu ya wino mzito kwenye manila, mwenyekiti akaibandika mlangoni pa ofisi ya kijiji. Watu walikuja kuangalia siku tatu mfululizo, wengine wanaigusa kwa kidole.

Ile manila tuliingia nayo kwenye kikao cha zahanati. Miaka yote tulikuwa tunasema sisi wengi, tunajibiwa wengi wangapi. Safari hii mama mmoja wa kikundi chetu cha dagaa alisimama akasoma namba, alafu akasema na wageni wa dago wamo humu, wakiumwa wanatibiwa hapahapa. Mjadala ukawa mwingine kabisa. Msingi wa zahanati umeshachimbwa, mchanga na mawe tumesomba wenyewe, sisi wanawake tulisomba kwa ndoo toka mtoni. Bado haujasimama ukuta ila msingi upo na nimeupita asubuhi ya leo.

Kwahiyo nyota nne. Kwa vijiji vya pwani vitakavyohesabiwa safari ijayo nawaombeni hivi, msisubiri karani aulize. Usiku ule wa sensa kila nahodha aandike majina ya aliotoka nao, na mwenye kibanda aandike waliolala. Sisi mwenyekiti amenunua daftari la kaunta, kila wageni wa dago wakishuka anaandika jina, wametoka wapi, wako chungu gani, wakiondoka anakata mstari. Na wanaopanga tarehe, Agosti iacheni hivohivo, ila kabla hamjachagua siku tumeni mtu mmoja aje akae na manahodha awaulize mwezi utakuwaje. Jibu watalitoa bila hata kuangalia kalenda.