Hina au piko: mkono wa mchoraji unalipa nini?

Bibi harusi wa Unguja hupambwa kwa vyote viwili: hina nyekundu, piko nyeusi. Kwa anayechora kutwa saluni, havifanani hata kidogo.

Hina ni majani yaliyosagwa, hukorogwa kwa maji ya ndimu na kuachwa saa kadhaa itoe rangi. Ikae mkononi saa 4 hadi 8. Kwanza huwa ya chungwa, kisha hukolea kwa siku mbili. Inachosha, lakini ngozi haidhuriki kirahisi. (Watoto wachanga wasipakwe: wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, huweza kuvunjika chembe hizo.)

Piko hukolea upesi, ndiyo maana wateja huipenda. Ni dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo PPD. Ulaya kiwango chake kwenye dawa ya nywele hakizidi 2% inapopakwa, na kuchorea ngozi hakuruhusiwi kabisa. Mzio huchelewa: malengelenge na mwasho huja baada ya siku kadhaa, hivyo mteja harudi kulalamika papo hapo. Mchoraji anayeikoroga kila wiki mikono mitupu anaweza kupata mzio wa maisha, asiweze tena hata kumpaka mtu dawa ya nywele.

Ukilazimika kuitumia kwenye nywele, vaa glavu za nitrili, si za mpira wa kawaida, na ubadilishe kila mteja. Kwa ngozi, chagua hina. Weusi unaopatikana kwa saa moja haustahili hatari hiyo.